Jenerali Akivua Magwanda: Safari ya Thein Sein na Namna Jeshi la Myanmar Linavyozalisha Mawaziri

Kila vijana wa Kenya, Uganda au Tanzania wanapookolewa kutoka kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni kule Myawaddy, mpakani mwa Myanmar na Thailand, maswali yale yale huzuka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Hivi nchi ile haina serikali? Mbona mawaziri wake wanaotajwa kwenye taarifa ya habari wana vyeo vya jenerali? Na ile demokrasia tuliyosikia imeingia Myanmar mwaka 2011, hadi Rais wa Marekani akafunga safari kwenda kuipongeza, iliishia wapi?

Majibu mawili ndiyo yanayozunguka sana. La kwanza linasema nchi ilikuwa imeshakombolewa, kisha jenerali mmoja mwenye uchu akaamka asubuhi akaipora. La pili linasema hakukuwa na lolote, ilikuwa geresha ya wanajeshi tangu mwanzo hadi mwisho. Naamini yote mawili yanawakosea watu wa nchi ile, kwa sababu yanaficha namna mambo yalivyofanyika hasa. Tutaona vizuri zaidi tukiifuata kazi ya mtu mmoja, Thein Sein: mtoto wa wakulima wasio na shamba, akawa afisa wa jeshi, akawa waziri mkuu mwenye magwanda, kisha akayavua na kuwa rais.

Kwanza tuelewane kwa maneno machache. Myanmar ndiyo Burma, nchi ile ile ambayo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Jina lilibadilishwa na watawala wa kijeshi mwaka 1989. Jeshi lake linaitwa Tatmadaw. Ninaposema baraza la kijeshi nina maana ya kundi la majenerali linalotawala kwa amri, bila bunge na bila kura. Myanmar ilikuwa chini ya baraza la namna hiyo kuanzia Septemba 1988 hadi Machi 2011, na likarudi jingine Februari 2021. Serikali ya kiraia ni ile ambayo wakuu wake hawamo jeshini. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana mtu anaweza kustaafu jeshi asubuhi na kuapishwa kuwa raia mwenye madaraka jioni.

Thein Sein alizaliwa katika kijiji kidogo kwenye delta ya mto Irrawaddy, eneo la mpunga na samaki. Kwa kijana wa familia maskini katika Burma ya miaka ya 1960, jeshi lilikuwa ngazi karibu pekee iliyokuwa wazi. Jenerali Ne Win alikuwa ameipindua serikali tarehe 2 Machi 1962, viwanda na maduka vikataifishwa, na aliyetaka kupanda alipandia kambini. Chuo kikuu cha maafisa wa jeshi kiko Pyin Oo Lwin, mji wa baridi kwenye vilima vya mashariki mwa Mandalay. Thein Sein alihitimu huko mwaka 1968 katika mkupuo wa tisa.

Hilo la mkupuo lisikupite. Katika Tatmadaw, mkupuo uliohitimu nao ni kama ukoo wa pili. Huamua nani umpigie saluti, nani akupishe na nani atakulinda mambo yakiharibika. Min Aung Hlaing, aliyefanya mapinduzi ya 2021 akiwa mkuu wa majeshi, ni wa mkupuo wa 19 wa chuo hicho hicho. Maafisa hawa wamesoma pamoja, wanaoleana na kukaa mitaa yao wenyewe, na kwa miaka mingi jeshi limekuwa na makampuni yake, hospitali zake na benki zake. Anayetoka jeshini kwenda wizarani haachi dunia hiyo nyuma.

Alipanda polepole. Mwaka 1988, wananchi walipojaa barabarani kudai mwisho wa utawala wa Ne Win na jeshi likawapiga risasi, Thein Sein alikuwa meja. Miaka ya mwisho ya 1990 akapewa kamandi ya eneo la Pembetatu, makao yake Kengtung, karibu na mipaka ya Laos na Thailand. Kamanda wa eneo katika Myanmar ya wakati ule hakuwa askari tu: aliamua nani apate kibali cha mbao, barabara ipite wapi, kikundi gani chenye silaha kiachwe na kipi kipigwe. Alikuwa gavana, hakimu na mkuu wa biashara kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ofisa aliyefika wizarani akiwa na nyota mabegani hakuwa mgeni wa kutawala raia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka, ila bila kuwajibika kwa raia yeyote.

Kutoka hapo akaingia makao makuu, na mwaka 2004, baada ya waziri mkuu Khin Nyunt, mkuu wa ujasusi, kuangushwa na wenzake, Thein Sein akawa Katibu wa Kwanza wa baraza la kijeshi. Mwaka 2007 waziri mkuu Soe Win aliugua saratani ya damu akafariki Oktoba. Thein Sein, aliyekuwa akikaimu, akathibitishwa katika nafasi hiyo.

Hapa wasomaji wengi hupotea. Tumezoea kwamba waziri mkuu ndiye mkubwa wa serikali, au angalau wa pili. Chini ya baraza la kijeshi la Myanmar haikuwa hivyo. Mkubwa alikuwa Jenerali Mwandamizi Than Shwe, wa pili Maung Aye, wa tatu Shwe Mann. Waziri mkuu alikuja baada yao. Kazi yake ilikuwa kusimamia wizara, kupokea wageni, kuhudhuria mikutano ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, na kutekeleza yaliyoamuliwa chumba kingine. Septemba 2007, watawa wa Kibudha walipoandamana katika jiji kubwa la Yangon na kupigwa, amri haikutoka kwa Thein Sein. Lakini alikuwa mmoja wa wakubwa wa serikali iliyowapiga, na hakusema kitu hadharani. Hayo mawili yashikwe pamoja.

Mei 2008 kimbunga Nargis kiliifuta delta ile ile alikozaliwa. Watu wapatao 138,000 walikufa au kupotea. Thein Sein aliwekwa kuongoza kamati ya maafa, huku baraza likiwazungusha wafanyakazi wa misaada wa kigeni kwa viza wakati maiti zikielea kwenye mashamba ya mpunga. Wapo waliofanya naye kazi baadaye wanaosema kwamba siku zile ndizo zilizomwonyesha jinsi nchi ilivyooza. Huenda. Ninachokiona kizito zaidi ni kwamba tarehe 10 Mei, juma moja tu baada ya kimbunga, baraza liliendelea na kura ya maoni ya katiba mpya, likiahirisha kwa majuma mawili tu katika maeneo yaliyopigwa vibaya. Matokeo rasmi yakatangazwa kuwa zaidi ya asilimia 92 wamesema ndiyo.

Katiba hiyo ndiyo moyo wa habari yote. Fikiria mwenye nyumba anayeipangisha nyumba yake kwa mkataba alioandika mwenyewe. Anabakiza vyumba vitatu ambavyo mpangaji haruhusiwi kufungua, anabaki na ufunguo wa mlango mkubwa, na kwenye mkataba anaweka sharti kwamba hakuna kipengele kitakachobadilishwa bila saini yake. Mpangaji ni mpangaji kweli: anapika, anapaka rangi, anapokea wageni, anaweza hata kubomoa ukuta wa ndani. Vyumba vitatu ni Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Mambo ya Ndani na Wizara ya Masuala ya Mipaka, ambazo mawaziri wake huteuliwa na mkuu wa majeshi, na hawalazimiki kustaafu jeshi. Saini ya mwenye nyumba ni viti vya bunge: robo ya viti vyote, 166 kati ya 664 katika mabunge mawili, hupewa wanajeshi bila kupigiwa kura, na vipengele vikuu vya katiba havibadiliki bila zaidi ya asilimia 75 ya wabunge. Robo ikikataa, hesabu haitimii kamwe. Ufunguo wa mlango mkubwa tutauona mbele.

Na mkataba huo uliandikwa chini ya usimamizi wa nani? Mkutano wa kitaifa uliotunga misingi ya katiba, ulioanza 1993, ukasimama 1996, ukafufuliwa 2004 na kumalizika 2007, tume yake ya kuuitisha katika awamu hiyo ya pili iliongozwa na Thein Sein. Yeye mwenyewe alisimamia kujengwa kwa ua ambao baadaye angetawala ndani yake.

Tarehe 29 Aprili 2010 alistaafu jeshi pamoja na mawaziri wenzake zaidi ya ishirini, siku moja, na wote wakaingia chama kipya cha USDP. Hata hilo halikuwa jipya. Ne Win na makamanda wake walivua magwanda mwaka 1972, wakaitwa kwa heshima za kiraia, wakaendelea kutawala hadi 1988. Uchaguzi wa Novemba 2010 ulifanyika kiongozi wa upinzani, Aung San Suu Kyi, akiwa kizuizini na chama chake cha NLD kikiususia. USDP ikashinda kwa kishindo. Wengi walitarajia Shwe Mann apewe urais, kwa kuwa cheo chake kilikuwa juu. Than Shwe akamchagua Thein Sein, mpole, mgonjwa wa moyo, asiye na jina la ulaji mkubwa wala kundi lake mwenyewe. Machi 30, 2011 aliapishwa akiwa amevaa kiraia.

Ningekuwa nimeandika makala haya wakati ule, ningetabiri Ne Win wa pili, na dunia karibu yote ilitabiri hivyo. Haikuwa hivyo. Agosti 2011 alimkaribisha Suu Kyi ikulu katika mji mkuu, Naypyidaw, wakapigwa picha chini ya picha ya baba yake, Jenerali Aung San, shujaa wa uhuru aliyeuawa Julai 1947, ambaye sura yake majenerali walikuwa wameiondoa kwenye noti. Septemba 30 akaliandikia bunge kwamba bwawa la Myitsone, mradi wa Wachina wa takriban dola bilioni 3.6 mahali mto Irrawaddy unapoanzia, litasimamishwa kwa muda wote wa uongozi wake kwa kuwa wananchi hawalitaki. Hakuna kiongozi wa Burma aliyewahi kuizuia China hivyo kwa sababu ya kelele za raia. Januari 2012 wafungwa 651 waliachiwa, wakiwemo viongozi wa wanafunzi wa 1988. Agosti mwaka huo ukaguzi wa magazeti kabla ya kuchapwa ukafutwa. Laini ya simu iliyokuwa ikiuzwa kwa mamia, hata zaidi ya elfu ya dola, ikashuka mwaka 2014 hadi kyat 1,500, takriban dola moja na nusu. Katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2012, NLD iligombea viti 44 ikashinda 43, na viti hivyo ikapewa.

Kwa hiyo anayesema yote yalikuwa maigizo, amuulize mwandishi wa habari wa Yangon aliyetoka jela Januari ile na kufungua gazeti la kila siku mwaka uliofuata. Yalikuwa mambo ya kweli, na watu waliyaishi.

Lakini angalia yalipokomea. Desemba 2011 Rais Thein Sein aliagiza jeshi lisimamishe mashambulizi dhidi ya waasi wa Kachin kaskazini, isipokuwa kwa kujilinda. Vita havikusimama. Mwaka mmoja baadaye ndege za jeshi zilikuwa zikipiga mabomu karibu na Laiza, makao makuu ya waasi hao. Wengi walidhani rais alikuwa akidanganya. Maelezo yanayokubaliana na katiba ni mabaya zaidi: chini ya mkataba ule, amiri wa jeshi ni mkuu wa majeshi, na rais, hata awe jenerali mstaafu aliyempita kwa mikupuo kumi, hana uwezo wa kumlazimisha.

Na yapo ambayo hayawezi kusukumiwa jeshi peke yake. Mwaka 2012 fujo zilipozuka jimbo la Rakhine kati ya Wabudha na Waislamu wa Rohingya, watu wapatao 140,000 walikimbia makwao, wengi mno Warohingya. Julai mwaka huo Thein Sein alimwambia António Guterres, aliyekuwa mkuu wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwamba suluhisho ni Warohingya kuwekwa kambini au kupelekwa nchi nyingine. Mwaka 2015 serikali yake ikazifuta kadi nyeupe, vitambulisho vya muda walivyokuwa wakipigia kura. Rais yule yule aliyefungua magazeti alifunga mlango huu, na miaka miwili baadaye, 2017, operesheni ya jeshi iliwafukuza Warohingya zaidi ya 700,000 kuingia Bangladesh. Siwezi kumwita mwanademokrasia na kuacha jambo hili pembeni.

Juni 2015 bunge lilijaribu kushusha kiwango cha kubadili katiba kutoka asilimia 75 hadi 70. Wanajeshi bungeni waliizima hoja hiyo. Novemba NLD ikashinda uchaguzi mkuu kwa kishindo, Thein Sein akampongeza Suu Kyi, na Machi 30, 2016 akakabidhi madaraka kwa amani kwa rais mpya wa NLD, Htin Kyaw. Siku chache baadaye alinyoa nywele na kuwa mtawa kwa siku chache katika hekalu moja la Pyin Oo Lwin, mji ule ule wa chuo chake. Suu Kyi mwenyewe hakuweza kuwa rais kwa sababu kifungu cha 59(f) kinamzuia mtu mwenye watoto raia wa kigeni, na wanawe ni Waingereza. Akaundiwa cheo cha Mshauri wa Taifa.

Sasa tufike kwenye dhana inayowapotosha wengi, kwamba kati ya 2016 na 2021 Suu Kyi alikuwa mtawala kamili aliyeshindwa kuwadhibiti askari wake. Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyoshika polisi, ilikuwa chini ya luteni jenerali asiyemteua yeye. Hadi mwishoni mwa 2018, idara iliyoendesha ofisi za tawala karibu kila wilaya nchini ilikuwa ndani ya wizara hiyo hiyo. Baraza la Ulinzi na Usalama lina watu 11, sita kati yao wa upande wa jeshi. Na Wizara ya Masuala ya Mipaka, ambayo jina lake linatuhusu sana sisi wenye vijana waliokwama Myawaddy, nayo ilikuwa ya jeshi. Hata nguvu inayotawala ukanda huo, Kikosi cha Walinzi wa Mpaka cha kabila la Wakareni, ilizaliwa mwaka 2010, wakati Thein Sein akiwa bado waziri mkuu, jeshi lilipowageuza waasi waliokubali yaishe kuwa wanamgambo wake. Kamanda wa kikosi hicho, Saw Chit Thu, aliwekewa vikwazo na Marekani Mei 2025 kwa kuhusishwa na biashara ya utapeli. Serikali ya kiraia iliyotaka kuingia kule ingebidi ipite kwa mtu ambaye haikumteua, katika wizara ambayo haikuimiliki.

Ndipo tunafika kwenye ufunguo wa mlango mkubwa. Katiba inaipa jeshi haki ya kupendekeza mmoja wa makamu wawili wa rais. Tangu 2016 makamu huyo alikuwa Myint Swe, luteni jenerali mstaafu, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya mkoa wa Yangon enzi za Thein Sein. Katika uchaguzi wa Novemba 2020 NLD ilipata viti 396 kati ya 476, na USDP 33. Alfajiri ya Februari 1, 2021, siku ambayo bunge lilipaswa kukaa, Win Myint wa NLD, aliyekuwa rais wakati huo, na Suu Kyi walikamatwa. Rais asipokuwepo, makamu hukaimu. Myint Swe akakaimu, akatia saini hali ya hatari, na kwa saini hiyo akamkabidhi Min Aung Hlaing madaraka yote. Kila karatasi ilirejelea kifungu cha katiba. Uhalali wake wa kisheria unapingwa, na kwa haki, kwa kuwa rais alikuwa chini ya ulinzi na hakuwa amejiuzulu. Ila mtambo wenyewe ulikuwa umetegwa tangu 2008. Mawaziri wa NLD walifukuzwa siku hiyo hiyo, na wa Mambo ya Ndani, Luteni Jenerali Soe Htut, akaendelea na kiti chake.

Anayetaka kumtambua waziri wa Myanmar anayefuata asitafute jina lake kwenye kampeni peke yake. Atazame alihitimu mkupuo gani Pyin Oo Lwin, alishika kamandi gani ya eneo, alistaafu lini na wizara ipi alipewa mwezi uliofuata. Khin Yi, brigedia jenerali aliyekuwa mkuu wa polisi, alikuwa waziri wa uhamiaji katika baraza la Thein Sein kuanzia 2011. Baada ya mapinduzi ya 2021 alirudishwa wizara hiyo hiyo. Mwaka 2022 akapewa uongozi wa USDP, NLD ikafutwa na tume ya uchaguzi Machi 2023, na USDP yake ndiyo iliyoingia kwenye uchaguzi wa Desemba 2025 ikiwa chama kikubwa kuliko vyote vilivyoruhusiwa kugombea.